Daktari mwanamke na ngazi ya chuo: nani atakuonyesha njia?

Mfikirie daktari wa watoto mwenye umri wa miaka 38. Ni mhadhiri katika chuo cha udaktari, na kila asubuhi kabla ya saa mbili yumo wadini na wanafunzi wake. Wanafunzi wanampenda. Mmoja wao akifiwa au akikosa karo, mlango anaoubisha ni wa daktari huyu. Idara ikitaka mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano, wa kupanga ratiba ya mitihani au wa kuwapokea wageni, macho yote humgeukia yeye, naye hakatai. Jioni ana zamu, na nyumbani anangojwa na watoto wawili.

Mwaka wa nane anaomba kupandishwa cheo awe mhadhiri mwandamizi. Kamati inamwita, inamsifu kwa kazi nzuri, kisha inamuuliza: makala yako yako wapi? Anayo mawili, na katika yote mawili jina lake ni la tano. Mwenzake wa kiume aliyeajiriwa miaka mitatu baada yake anapita. Hakuna aliyemwonea siku hiyo. Mwenzake alikuja na makala saba na barua ya wafadhili wa utafiti, naye alikuja na shukrani za wanafunzi.

Daktari huyo simpi jina kwa sababu si mtu mmoja. Ukifanya kazi katika hospitali yoyote ya mafunzo unamjua, na pengine, msomaji, ni wewe mwenyewe.

Kosa lake lilikuwa nini? Si uvivu, maana alifanya kazi kuliko wengi. Wala si upungufu wa akili. Tofauti ni kwamba mwenzake alikuwa na mtu aliyemketisha mwaka wa kwanza akamwambia: haya ndiyo yanayohesabiwa, hayo mengine yafanye kwa kiasi. Yeye hakuambiwa na mtu. Mtu wa aina hiyo tutamwita mlezi wa kitaaluma, na somo la juma hili linahusu namna ya kumpata, kumtumia, na kuepukana naye akiwa mbaya.

Yakuhusu nini wewe mgonjwa?

Huenda wewe si daktari na unajiuliza kwa nini ukurasa wa afya ushughulike na vyeo vya watu. Chukua mfano huu. Katika miaka ya 1990 akina mama wengi waliokuwa na virusi vya UKIMWI hawakujua la kufanya na mtoto mchanga: wamnyonyeshe au wampe maziwa ya mkebe? Profesa Ruth Nduati, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, akiwamo Dkt. Dorothy Mbori-Ngacha, waliwafuatilia akina mama 425 wa Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2000 katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kufikia umri wa miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 20.5 ya watoto wa kundi la maziwa ya mkebe. Utafiti huo ulisomwa duniani kote.

(Usiutumie utafiti huo kujiamulia leo. Dawa za ARV zimebadilisha mambo, na mama aliye na virusi anayemeza dawa zake sawasawa hushauriwa kunyonyesha, tena maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya kwanza. Zungumza na mhudumu wako wa kliniki.)

Ili swali kama hilo lijibiwe, haikutosha daktari kuwahurumia akina mama waliokaa kwenye benchi la kliniki. Ilimpasa awe na cheo cha kumwezesha kuomba fedha, kuongoza watafiti, kusimamia wanafunzi na kutia jina lake kwenye makala. Sisemi kwamba mwanamume hawezi kuuliza swali la mama mzazi. Wapo waliouliza vizuri mno. Lakini madaktari wanawake wakikwama kwenye kidato cha pili cha ngazi, maswali waliyoyaona kando ya kitanda cha mgonjwa hukwama pamoja nao.

Na wanakwama. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti mwaka wa 2019 ikionyesha kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa afya duniani, lakini nyadhifa za juu walizoshika ni asilimia 25 tu, au karibu na hapo.

Si kwamba njia imefungwa kabisa. Dkt. Josephine Namboze wa Uganda alihitimu udaktari Makerere mwaka wa 1959, akaja kuwa profesa wa afya ya umma. Hapa kwetu, Profesa Miriam Were alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi. Akafundisha chuoni humo, na mwaka wa 2008 Japani ikamtunuku Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, pamoja na Brian Greenwood wa Uingereza. Marehemu Profesa Elizabeth Ngugi alianza kama muuguzi, na kazi yake ya afya miongoni mwa kina dada wanaouza miili huko Majengo, Nairobi, ilimjengea jina. Nawataja watatu hawa kwa sababu moja zaidi: hakuna hata mmoja ambaye njia yake ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mwanamke mwingine.

Miaka inayogongana

Hebu tuhesabu pamoja. Msichana aliyeingia chuo kikuu akiwa na miaka 19 husomea udaktari miaka sita. Sasa ana miaka 25. Mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, 26. Akifanya kazi miaka miwili au mitatu kabla ya kupata nafasi ya uzamili, amekaribia 30. Uzamili wenyewe, ule wa kumfanya daktari bingwa, utamchukua miaka mitatu hadi mitano. Ndipo aajiriwe chuoni, na ndipo aambiwe kwamba kupanda juu kunataka utafiti na, mara nyingi, shahada ya uzamifu. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Mwenzake wa kiume naye huoa na kupata watoto, lakini ni nadra kumwona akitoka mkutanoni saa kumi na moja kwa kuwa yaya anataka kwenda zake.

Ngazi ya chuo ina vidato vitano hivi: mhadhiri mwanagenzi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri nchini. Hutazamwa shahada, miaka ya kufundisha, makala yaliyochapishwa katika majarida ambayo hupitiwa na wataalamu, wanafunzi wa uzamili na uzamifu uliowasimamia hadi wakahitimu, na fedha za utafiti ulizoleta. Utumishi katika kamati nao hutajwa, lakini sijasikia mtu aliyefanywa profesa kwa kuwa alipanga ratiba ya mitihani vizuri.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kuipata karatasi ya vigezo vya chuo chako. Nenda kwa ofisi ya msajili anayeshughulikia wahadhiri uiombe, hata kama umeajiriwa jana. Chora mistari miwili kwenye ukurasa: upande mmoja andika yanayohesabiwa, upande wa pili andika ulivyotumia juma lililopita, saa kwa saa. Wengi hushtuka. Usiku huo usilale ukijilaumu, utajifunza kusema, "Mwaka huu nimeandika kumbukumbu za kamati. Mwaka ujao kazi hii izungushwe, nami nipate Alhamisi asubuhi ya kuandika." Hakuna ukosefu wa adabu hapo. Ukilisema mbele ya wote mkutanoni, kwa sauti ya kawaida, wengine waliokuwa wakijificha wataonekana.

Si mtu mmoja

Watu wa pwani wanajua kwamba bibi harusi huwa na somo wake. Mama mzazi yupo, shangazi yupo, lakini somo humfundisha yale ambayo hayasemwi hadharani. Udaktari wa chuoni nao una mambo yasiyosemwa hadharani: jarida gani hujibu haraka na lipi hukaa na makala mwaka mzima, mfadhili gani anapenda swali la aina gani, mjumbe gani wa kamati husoma kila ukurasa. Hayo huwezi kuyapata vitabuni. Mwenzako huyapata kwenye meza ya nyama choma Ijumaa jioni, wakati wewe uko jikoni.

Watafiti waliopitia tafiti nyingi kuhusu ulezi katika vyuo vya udaktari, wakachapisha katika JAMA mwaka wa 2006, waligundua kwamba chini ya nusu ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na mlezi, na katika baadhi ya fani wahadhiri waliokuwa naye hawakufika mmoja kati ya watano. Wanawake walieleza kwamba wao walipata taabu zaidi kumpata. Kwa hiyo ukiwa huna, wewe si kituko.

Kosa kubwa ni kutafuta mtu mmoja atakayekufaa kwa kila kitu: profesa mwanamke, wa fani yako, mwenye watoto, mwenye fedha za utafiti na mwenye nafasi. Huyo akiwapo, foleni ya wanaomtafuta imefika lango la hospitali. Afadhali uigawe kazi yenyewe. Unahitaji mtu wa kukufundisha ufundi: kuandika pendekezo la utafiti, kuhesabu ni wagonjwa wangapi wanatosha, kuwajibu wahariri. Huyo anaweza kuwa mwanatakwimu wa miaka 30, si lazima awe mkubwa wako. Unahitaji mtu wa kukuambia ukweli kuhusu maisha, aliyepita na watoto wadogo akafika. Na unahitaji wa tatu, ambaye wengi humsahau: mtu wa kukusemea usipokuwapo. Vyeo, safari na ruzuku nyingi hutajwa kwanza katika chumba ambacho wewe hukualikwa. Aliyemo akilitaja jina lako, umeingia. Huyo wa tatu anaweza kuwa mwanamume, na kwa kuwa wengi wa walio chumbani humo bado ni wanaume, mara nyingi ndivyo itakavyokuwa.

Kuna walezi ambao ni wema sana na hawafai kitu. Wanakuita chai, wanakuambia una kipawa, miaka minne inapita na hawajasoma hata ukurasa wako mmoja. Shukuru kwa chai, utafute mwingine.

Namna ya kumwomba

Usimwendee mtu mkubwa ukamwambia, "Nataka uwe mlezi wangu." Ni mzigo usio na mipaka, naye ataogopa. Mwombe jambo dogo lenye mwisho. Mathalan mwandikie hivi:

"Profesa, habari za asubuhi. Mimi ni mhadhiri katika idara ya watoto. Nina takwimu za watoto 112 waliolazwa kwa nimonia, nilizozikusanya kwa tasnifu yangu ya uzamili, na nataka kuziandikia makala. Naomba dakika ishirini za muda wako juma lijalo unishauri ni swali lipi kati ya mawili haya lina uzito. Nimeyaambatisha katika ukurasa mmoja."

Ona kilichofanyika. Umemwonyesha kwamba umeshaanza, umempa kitu anachoweza kukijibu, na umemwekea kikomo. Baada ya dakika ishirini ondoka, hata kama mazungumzo ni matamu. Ndani ya siku mbili mwandikie kumshukuru na kumwambia utakalofanya na kufikia lini. Lifanye. Kisha urudi na matokeo. Mtu akiona ushauri wake umezaa, atautoa tena bila kuombwa, na hapo ulezi umeanza pasipo mtu kuutaja.

Mkishaendelea, kubalianeni mambo machache waziwazi: mtaonana mara ngapi, rasimu atairudisha baada ya siku ngapi, na nini kitabaki siri yenu. Nimewahi kumwachia mkubwa wangu mmoja rasimu mezani kwake, nikaona haya kumkumbusha. Ilikaa hapo miezi kumi na mmoja. Nilipokwenda kuichukua ilikuwa chini ya kikombe. Sikumlaumu sana, hatukuwa tumekubaliana siku.

Majina juu ya makala

Hapa nitakawia, maana ndipo wengi wanapoumia. Katika makala ya kitabibu, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la mkubwa aliyeongoza. Walio katikati husukumana. Mhadhiri anayekaa katikati kila mara ataulizwa na kamati kama ana wazo lake mwenyewe.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne, na mtu anapaswa kuyatimiza yote ili aitwe mwandishi. Awe amechangia kwa dhati katika kubuni utafiti, au kukusanya au kuchanganua takwimu. Awe ameandika rasimu au kuisahihisha kwa kina. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na awe tayari kuijibia kazi hiyo ikitiliwa shaka. Kuwa mkuu wa idara pekee hakumfanyi mtu mwandishi. Kuleta fedha pekee vilevile. Lakini, dada yangu, hata kukusanya damu ya wagonjwa 400 usiku na mchana peke yake hakutoshi, na mtego uko papo hapo. Madaktari wanawake wengi hupewa kazi ya wadini kwa kuwa wanaelewana na wagonjwa, kisha uandishi hufanywa na wengine, na mwishoni huambiwa kwamba hawakuandika. Wahariri wale wale wamesema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika. Idai nafasi hiyo mapema. Siku ya kwanza ya utafiti, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, sema: "Kabla hatujaanza, naomba tuandike nani atakuwa wa kwanza katika makala lipi." Karatasi hiyo itiwe tarehe, kila mtu apate nakala. Utafiti mmoja mkubwa unaweza kuzaa makala matatu au manne, na kila mmoja akapata lake la kuongoza.

Na tasnifu yako ya uzamili iko wapi? Wengi huifunga kwa jalada jeusi, wakapiga picha ya mahafali, ikaishia rafuni. Makala yamelala humo. Kuigeuza si kuinakili: tasnifu ya kurasa 90 inapaswa kuwa maneno 3,000 hivi, swali moja, majedwali matatu au manne. Ifanye ndani ya mwaka wa kuhitimu, maana takwimu huzeeka. Msimamizi wako alikusaidia, kwa hiyo mhusishe. Ukianza utafiti mpya, kumbuka kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Makala yasiyo na vibali hivyo hurudishwa na majarida ya maana.

Jihadhari pia na majarida bandia. Yanakuandikia barua pepe yakikuita "profesa mtukufu", yanaahidi kuchapisha ndani ya siku tano, kisha yanakutumia ankara. Makala yakishapotelea humo, kamati haiyahesabu na huwezi kuyapeleka kwingine.

Chama cha kurasa

Mwanamke wa Kenya hahitaji kufundishwa chama ni nini. Mama mboga anacho, mwalimu anacho, mke wa mbunge anacho. Basi fanyeni chama cha kurasa. Wakusanyike madaktari wanawake watano, wa idara tofauti kama ikibidi, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Badala ya shilingi, kila mmoja huleta kurasa mbili alizoandika mwezi huo. Kwa zamu, mmoja hupokea: mwezi huo wote wanne husoma rasimu yake nzima na kuisahihisha kwa kalamu. Anayekuja mikono mitupu hununua chai na mandazi. Watoto waje, wacheze nje na yaya mmoja mliyemlipa kwa pamoja.

Usiuone mchezo. Chama hiki huondoa upweke, maana mwanamke wa pekee katika idara ya upasuaji anaweza kukaa mwaka mzima akidhani makala yake pekee ndiyo yaliyokataliwa. Pia habari huzunguka: aliyesikia tangazo la ruzuku huwaambia wengine. Kukiwapo chama cha madaktari wanawake karibu nawe, jiunge nacho, maana huko utakutana na waliokutangulia.

Kuna mradi mmoja ulioanzia hapa Nairobi mwaka wa 2008, uitwao AWARD, kwa wanasayansi wanawake wa kilimo barani Afrika. Si wa madaktari, lakini wazo lake linafaa kuibwa. Kila mwanamke anayechaguliwa hupewa mlezi, naye hutakiwa amlee mdogo wake mmoja. Kwa hiyo usingoje uwe profesa. Kuna mwanagenzi katika wadi yako ambaye hajui hata jarida huandikiwa vipi.

Waliojaribu na kuhesabu

Utasema haya ni maneno matamu tu. Tumwone aliyejaribu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, ndiko Profesa Miriam Were alikopata shahada yake ya uzamifu katika afya ya umma. Shule ya udaktari ya chuo hicho ilipofunguliwa mwaka wa 1893 iliwapokea wanawake sawa na wanaume, kwa kuwa wanawake matajiri, Mary Garrett akiwa mbele, walikuwa wametoa fedha kwa sharti hilo. Mlango ulifunguliwa mapema, lakini karibu karne nzima baadaye, mwaka wa 1990, idara yake ya tiba ilikuwa na wanawake wanne tu wenye cheo cha profesa mshiriki.

Idara ikaamua kuchukua hatua. Iliwauliza wahadhiri wake kinachowakwamisha, ikatazama mishahara, ikawafunza wakubwa kulea, ikahakikisha habari za vyeo zinamfikia kila mtu. Kufikia mwaka wa 1995 wale wanne walikuwa 26. Mwaka wa 1990, ni asilimia 23 tu ya wahadhiri wanawake waliotarajia kuwa bado katika udaktari wa chuoni baada ya miaka kumi; mwaka wa 1993 wakawa asilimia 65. La kuvutia zaidi kwangu ni kwamba wanaume nao walisema mambo yao yalikuwa mazuri kuliko awali. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1996.

Najua Baltimore ina fedha ambazo vyuo vyetu havina. Lakini mengi ya waliyofanya hayakuhitaji maabara. Kubandika vigezo vya vyeo ubaoni hugharimu karatasi. Kukaa na kila mhadhiri mara moja kwa mwaka, mwanamke na mwanamume, na kumuuliza amebakiza nini, hugharimu saa moja. Mkuu wa idara unayesoma hapa, ni mara ngapi umefanya hivyo mwaka huu? Na mkutano wako wa saa kumi na moja jioni hauwezi kufanyika saa tano?

Mlango uwe wazi

Kuna jambo ambalo sitalipita kimya. Wako wanaojiita walezi na nia yao si ulezi. Mlezi wa kweli huonana nawe ofisini, saa za kazi, mlango ukiwa wazi au kukiwa na watu karibu. Anayesisitiza mkutane hotelini usiku kujadili rasimu hajadili rasimu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 imekataza dhuluma za kimapenzi kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na taarifa ya sera kuhusu jambo hilo. Iombe uisome. Likikutokea, andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa siku hiyo hiyo, hifadhi ujumbe wa simu, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya kuamua hatua. Kuwa na walezi watatu badala ya mmoja ni kinga hapa pia, maana hakuna mmoja atakayeshika maisha yako yote mkononi.

Likizo na maziwa

Sheria hiyo hiyo inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yako ya kila mwaka haipotei. Baba naye ana majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Ni aibu hospitali inayowafundisha akina mama kunyonyesha ikiwaacha madaktari wake wakamue chooni. Kabla ya kwenda likizo, kubaliana na wenzako nani ataangalia utafiti, na jina lako libaki pale lilipokuwa. Usiahidi kuandika makala mtoto akiwa na majuma sita. Hutaandika, na utajichukia bure.

Bwana wa daktari, nawe nikuulize. Jumamosi ile ya kwanza ya mwezi, nani atabaki na watoto ikiwa yaya hayupo?

Tumrudie yule daktari wetu wa miaka 38. Amechelewa? Shirika la CARTA, lililoanzishwa mwaka wa 2008 kuwasaidia wahadhiri wa vyuo vya Afrika kusomea uzamifu katika mambo ya afya, na ambalo huongozwa kwa pamoja na kituo cha APHRC cha hapa Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, limekuwa likiweka kikomo cha miaka 40 kwa wanaume na miaka 45 kwa wanawake katika matangazo yake, kwa kutambua miaka ya kulea. Limewahi pia kuwawezesha akina mama wanaonyonyesha kufika mafunzoni na mtoto. Matangazo hubadilika, kwa hiyo usome la mwaka wenyewe. Daktari wetu ana tasnifu rafuni, ana takwimu za wadi ambazo hakuna mwingine anayezijua vizuri kama yeye, na ana makala mawili ambayo mwandishi wake wa mwisho bado anaikumbuka kazi yake. Jumatatu anaweza kumwandikia huyo, amwombe dakika ishirini.